Nyumba ya Makarani Si Darasa la Lugha

Waalimu wenzangu, shule ikichakaa hadi ikafungwa kwa ukarabati, watoto hawafungwi pamoja nayo. Lazima wapelekwe mahali. Katika miji yetu mahali panapopatikana upesi, aghalabu, ni jengo la ofisi: ghorofa mbili tatu zilizokosa wapangaji, vyumba vyenye zulia lililochanika, na lifti iliyoacha kufanya kazi. Mkataba hutiwa sahihi siku ya Ijumaa, madawati hupandishwa ngazi siku ya Jumamosi, na Jumatatu kengele hulia. Wakubwa hupiga picha na kusema kwamba masomo hayakusimama hata siku moja.

Siandiki kupinga kuhamishwa kwa watoto. Mtoto hafai kusoma chini ya jukwaa la mafundi, akivuta vumbi la kuta zinazobomolewa. Wala sina chuki na majengo ya ofisi. Napinga jambo moja tu, nalo ni hili: jengo la makarani kuitwa shule siku ile ile madawati yalipoingia, pasipo mtu kuuliza kama mtoto aliyeketi nyuma anamsikia mwalimu wake. Huulizwa kodi ni kiasi gani. Huulizwa umeme umekatwa au haukukatwa. Sikio la mtoto haliulizwi. Nasi tufundishao lugha ndio tunaoathirika kwanza, kwa kuwa lugha huingia kwa sikio kabla ya kufika mkononi.

NENO "MUDA"

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni watu wa maneno. Tunaambiwa hii ni "shule ya muda". Muda ni kipimo. Una mwanzo na una mwisho. Kitu kisicho na mwisho hatukiiti cha muda. Mpangaji wa nyumba ana mkataba unaotaja tarehe ya kutoka. Mkopo wa benki una tarehe ya kulipwa. Hata dawa ya hospitali huandikwa siku zake. Lakini shule ya muda, mara nyingi, haina tarehe yoyote iliyobandikwa mlangoni. Ukiuliza utaambiwa, "Mafundi wakimaliza." Mafundi nao, ukiwauliza, watakuambia, "Fedha zikija."

Basi neno "muda" limegeuzwa pazia. Nyuma yake huwekwa kila upungufu. Vyoo havitoshi? Ni kwa muda tu. Kuta hazizuii sauti? Ni kwa muda tu. Hakuna uwanja wa kuchezea? Vumilieni, ni kwa muda tu. Nauliza: mtoto wa darasa la saba ana madarasa ya saba mangapi? Anao mwaka mmoja. Kwa mkandarasi mwaka ule ni kuchelewa kidogo. Kwa mtoto ni mwaka wa mtihani, na haurudi. Jengo laweza kuwa la muda. Elimu ya mtoto haiwi ya muda.

SIKIO LA MWANAFUNZI WA KISWAHILI

Wako wasemao kwamba kelele ni kero kwa somo lolote, kwa nini mwalimu wa Kiswahili ajifanye yatima peke yake? Nitajibu kwa mambo tunayoyajua darasani.

Hapa kwetu Uganda, na katika nchi nyingine jirani na pwani, Kiswahili kwa watoto wengi si lugha ya mama. Lugha zetu nyingi, Kiganda mathalani, hazina sauti dh, th na gh. Tena katika Kiganda sauti l na r hazitenganishi maana. Moja hutumika mahali pake na nyingine mahali pake. Sasa mpe mtoto huyo sentensi fupi: "Gari hili ni ghali." Asiyefunzwa sikio atasikia neno lile lile mara mbili, na akisema atasema "gali hili ni gali". Mpe nyingine: "Samani za zamani zina thamani." Maneno matatu yenye maana tatu, yakitofautiana kwa sauti moja tu ya mwanzo. Mtoto hajifunzi tofauti hiyo kwa kuangalia ubao. Hujifunza kwa kumsikia mwalimu, kutazama ulimi na meno yake, kujaribu mwenyewe, kusahihishwa na kujaribu tena, darasa zima kwa pamoja, kisha mmoja mmoja.

Na sauti hizi ndizo dhaifu kuliko zote. Nguvu ya usemi imo katika irabu. Maana, kwa sehemu kubwa, imo katika konsonanti. Vikwamizo kama s, th na f ni pumzi nyembamba inayopita kati ya meno, ulimi na mdomo. Kelele ndogo huvifunika. Mwangwi wa chumba kitupu chenye sakafu ya vigae huvivuruga, kwa kuwa irabu iliyotangulia huwa bado inazunguka kutani wakati konsonanti inayofuata inatamkwa. Mtu anayesikiliza lugha ya mama hujaziliza neno lililopotea kwa kukisia, kwani anaijua sentensi kabla haijaisha. Anayejifunza hana akiba hiyo. Kikimpotea kipande kimepotea.

Haya si manung'uniko ya mwalimu mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza kwamba kelele za nyuma katika darasa wakati wa kufundisha zisizidi desibeli 35, na mwangwi uzimike katika muda wa sekunde 0.6 hivi. Desibeli 35 ni utulivu mkubwa. Sababu yake ni nyepesi: ili kila neno lisikike, yapasa sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi, na sauti ya kawaida ya mwalimu ikimfikia mtoto wa mstari wa nyuma ina kiasi cha 50 tu. Mashine kuukuu ya kupoza hewa na barabara ya mjini chini ya dirisha hupita kiwango hicho kabla mwalimu hajafungua kinywa.

OFISI ILIJENGWA KWA KAZI NYINGINE

Tumtendee haki aliyejenga ofisi. Alijenga vizuri kwa kazi aliyoijua. Karani huketi kimya, huandika, hupokea simu, huzungumza na mtu mmoja mbele yake. Kwa hiyo vyumba vya ofisi hugawanywa kwa viambaza vyepesi vinavyoweza kuhamishwa mkuu mpya akija. Viambaza hivyo mara nyingi huishia kwenye dari la kuning'inia. Havipandi mpaka kwenye zege la ghorofa ya juu. Baina ya dari na zege hubaki uwazi unaopita juu ya vyumba vyote. Sauti hupanda kutoka chumba cha kwanza, hupita juu ya dari kama panya, na kushuka chumba cha pili. Unaweza kuufunga mlango kwa kufuli na bado ukafundishwa hesabu za jirani.

Mimi mwenyewe nimefundisha katika jengo la namna hii, katika mji ambao sitautaja. Tuliambiwa muhula mmoja. Tulikaa mihula mitano. Chumba changu kilitenganishwa na darasa la hesabu kwa plaiwudi. Watoto wangu wakitamka "thamani, thamani", upande wa pili waliitikia "saba mara nane". Hilo tungelivumilia. Lakini ghorofa ya chini walikuwamo wapangaji waliolipa kodi kubwa kuliko sisi, nao wakalalamika kwamba watoto wanapiga kelele. Likaja agizo la maandishi: kusoma kwa pamoja, kughani mashairi na kuimba kusimamishwe mpaka saa za kazi ziishe. Saa za kazi ziliisha saa kumi na moja jioni. Watoto walikwenda nyumbani saa kumi.

Angalieni basi yaliyotokea. Hakuna aliyefuta somo la Kiswahili. Ratiba ilibaki vile vile, vipindi vilihesabiwa, mkaguzi alikuta madaftari safi. Watoto walinakili ubaoni "samani" na "thamani" bila kosa hata moja, na walipoitwa kusoma maneno hayo yalitoka kinywani yakiwa neno moja. Walikuwa wamejifunza kuichora lugha. Mashairi tuliyasoma kwa macho, kama mtu asomaye hati ya kodi. Vina vilionekana karatasini, mizani zilihesabiwa kwa vidole, lakini hapana mtoto aliyesikia ubeti ukitembea. Somo liliuawa na cheti cha kifo hakikuandikwa.

Na haya hutokea wakati lugha yetu imepewa heshima kwenye karatasi. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima kwa madarasa ya mwanzo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia, na haki yetu kushangilia. Lakini amri ya kufundisha lugha pamoja na amri ya kunyamaza haviwezi kukaa katika jengo moja.

SI TATIZO LA MASKINI PEKE YAO

Asije mtu akatuambia kwamba haya ni ya nchi zisizo na fedha, tungoje kwanza tutajirike. Tutazame mji wa Burlington, jimbo la Vermont, nchini Marekani. Mwaka 2020, wakati mipango ya kukarabati shule ya sekondari ya mji ilipokuwa ikiendelea, vipimo vilionyesha kwamba majengo yana kemikali za sumu ziitwazo PCB. Shule ikafungwa. Mwezi Machi 2021 wanafunzi waliingizwa katika jengo la katikati ya mji lililokuwa duka kubwa la Macy's, lililofungwa mwaka 2018. Ngazi za umeme za wanunuzi zikawa ngazi za wanafunzi. Viambaza vya madarasa havikufika darini, na vyumba vingi havikuwa na madirisha.

Watu wa mji ule hawakuwa wazembe. Waliwaondoa watoto kwenye sumu, wakawapatia paa, na mwezi Novemba 2022 wapiga kura wakakubali mkopo wa dola milioni 165 kwa ajili ya shule mpya. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeanza sekondari pale mwaka 2021 alimaliza miaka yake minne mwaka 2025, yote katika lile duka. Ikiwa "muda" wa wenye mamilioni ulimeza sekondari nzima ya kijana, je, wa kwetu sisi wa "fedha zikija" utameza nini?

Lakini upo mfano wa upande wa pili. Mwaka 2014, huko Fairfax County katika jimbo la Virginia, jengo la ofisi la ghorofa tano lilifunguliwa likiwa shule ya msingi. Lilinunuliwa kwa kusudi hilo, nalo likakusudiwa libaki shule. Kumbe jengo lenyewe si adui. Ofisi yaweza kuwa shule. Tofauti iko katika swali la kwanza: je, anayebadilisha jengo anafikiria watoto watakaoishi humo, au anafikiria siku ya kutoka ambayo hata haijui?

NGAZI NA VYOO

Niliposema tuanze na sikio sikusema tuishie hapo. Wahandisi wa Marekani, wanapokadiria watu watakaokuwamo, huihesabia ofisi mtu mmoja kwa mita za mraba 14 hivi, na darasa mwanafunzi mmoja kwa mita za mraba zisizofika 2. Ghorofa iliyopangiwa makarani 40, basi, yaweza kubeba wanafunzi zaidi ya 200. Ngazi ni ile ile. Mlango wa kutokea ni ule ule. Na makarani hawatoki wote dakika moja kengele ikilia. Mwezi Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega nchini Kenya, wanafunzi zaidi ya kumi walikufa kwa kukanyagana ngazini walipokuwa wakitoka madarasani jioni. Ile ilikuwa shule tangu ilipojengwa. Ngazi ya makarani tuiamini kwa nini?

Vyoo navyo: miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa shule hutaka choo kimoja kwa wasichana 25, na kwa wavulana 50 choo kimoja na mahali pa kukojolea. Ofisi ya makarani 40 ina vyoo vingapi? Kila mmoja wetu anaweza kuhesabu, na kila msichana anayekaa kiu kutwa nzima ili asiende chooni amekwisha kuhesabu.

WANAOTUPINGA

Wa kwanza watasema: afadhali ofisi kuliko chini ya mwembe. Kwa mvua, ndiyo. Kwa jua kali, ndiyo. Lakini mwembe hauna mwangwi, na darasa la pili laweza kusogezwa hadi mwembe mwingine. Wala hatukupewa kuchagua baina ya ofisi na mwembe. Tulipewa ofisi iliyotengenezwa na ofisi isiyotengenezwa, tukachaguliwa hii ya pili.

Wa pili watasema: gharama. Huyu namheshimu, kwa kuwa fedha ni chache kweli. Namwomba tu ahesabu vizuri. Kupandisha kiambaza hadi kwenye zege na kuziba nyufa ni kazi ya fundi wa mbao kwa siku chache. Mapazia mazito, mikeka ukutani na zulia lililobaki hupunguza mwangwi kwa bei ya sokoni. Asidanganyike na trei za mayai zinazobandikwa ukutani kana kwamba ni dawa. Hazizuii sauti isipite ukuta, nazo hushika moto upesi. Kubandika karatasi ya namna hiyo katika nyumba yenye ngazi moja na watoto 200 ni kucheza na maisha.

Wa tatu ni miongoni mwetu wenyewe, nao ndio wanaonisikitisha. Watasema: mtihani ni wa kuandika, basi tufundishe kuandika. Ndugu zangu, tukilikubali hilo tumefunga chuo. Lugha isiyosemwa darasani haitasemwa sokoni. Mtoto atapata alama, atatupa daftari, na akikutana na Mtanzania au Mkongomani mpakani atanyamaza.

TUNAYOYADAI

Kwanza, tarehe. Kila shule inayohamishiwa katika jengo lisilo lake iwe na tarehe ya kurudi, iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wazazi. Tarehe ikipita, wazazi waitwe waambiwe sababu, na tarehe mpya iandikwe chini ya ile ya zamani bila kuifuta. Tuone zimekuwa ngapi.

Pili, imla ya kuta. Hili halihitaji chombo cha kupimia wala mtaalamu kutoka mjini. Kabla kodi haijalipwa, waende waalimu wawili na watoto kumi. Mwalimu mmoja asimame chumba cha kwanza awasomee watoto maneno ishirini kwa sauti yake ya kila siku: gari, ghali, samani, zamani, thamani, na mengine ya namna hiyo. Watoto waketi nyuma ya chumba, waandike. Wakati huo huo mwalimu wa pili asome kwa sauti chumba cha pili, kama anavyofundisha. Kisha imla irudiwe kukiwa kimya. Makosa yatakayoongezeka katika imla ya kwanza si ya watoto. Ni ya kuta. Karatasi hizo zipelekwe kwa bodi ya shule kama anavyopelekewa daktari majibu ya maabara, na mwenye nyumba aambiwe: ziba, ndipo tutie sahihi.

Tatu, mkataba utamke wazi kwamba wapangaji wapya ni shule, na kwamba shule ina sauti. Mwenye nyumba anayetaka watoto mabubu atafute wapangaji wengine.

Nne, watoto wadogo wakae ghorofa ya chini, madarasa yatoke kwa zamu, na vyoo vihesabiwe kabla ya madawati.

Tano, hili ni letu: tukae na wenzetu wa masomo mengine tupange ratiba, ili kipindi cha matamshi kisikutane ukutani na jaribio la hesabu. Kabla hatujamlaumu mwenye nyumba, tusinyang'anyane sauti sisi kwa sisi.

Chama chetu kina matawi, na matawi yana wanachama wanaoijua miji yao. Nashauri kila tawi lifanye imla hii katika kila jengo la namna hii lililo karibu nalo, katika muhula huu, na matokeo yaletwe katika mkutano mkuu. Tukienda kwa wakubwa na malalamiko watatuambia tuvumilie. Tukienda na karatasi za watoto, moja ya kimya na moja ya kelele, mtoto yule yule na mwandiko ule ule, watatafuta jibu jingine. Na mpaka walipate, mwalimu aliye katika ghorofa ya pili asisubiri saa kumi na moja. Afungue kitabu, awasimamishe watoto, na wasome kwa sauti.